Lori la Baba na Mtamba wa Kichwa Cheupe

Sikwenda mnadani kununua ng'ombe, na hilo nataka ulijue tangu mwanzo. Nilikwenda kutafuta turubai. Lile la zamani linalofunika bodi ya lori la baba limeoza kwenye pindo, na mnada wa Karatu, kama unavyoufahamu, una kila kitu: turubai, kamba, ndala za tairi, nyama choma, vitunguu vya Mang'ola, na watu wanaobishana kwa lugha tatu kwa wakati mmoja. Nilipita upande wa mifugo kwa sababu tu ndiyo njia fupi. Pale, amefungwa kwenye kigingi, alikuwapo mtamba mmoja, mwili mwekundu, kichwa cheupe chote tangu penye pembe hadi puani. Nikasimama. Mwenye kumuuza alidhani nimempenda, akaanza kumsifia maziwa ambayo mnyama mwenyewe bado hajatoa. Mimi sikumsikia. Nilikuwa namtazama ng'ombe ambaye nilimtunga kwa mdomo wangu mwenyewe nikiwa na miaka tisa.

Nilirudi nyumbani bila turubai. Siku ile sikutulia hata kidogo. Nilikaza nati za magurudumu ya lori, nikazilegeza, nikazikaza tena. Mimi ni fundi wa magari ya kitalii. Siku sita za wiki nalala chini ya magari ya watu, na siku ya saba, badala ya kupumzika, nalala chini ya lori la jeshi ambalo halina safari yoyote. Majirani huniuliza linafanya kazi gani. Huwajibu vile vile alivyokuwa akiwajibu baba: "Bado naliweka sawa."

Kaa basi nikusimulie, maana wewe unaijua Karatu ya siku zile, nami sitalazimika kukueleza vumbi lake jekundu lililokuwa likiingia hata ndani ya chumvi.

Nyumbani kwetu ilikuwa Ganako, mashambani. Baba alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la kahawa, na ujanani mwake alikuwa dereva jeshini. Nyuma ya ghala la shamba lile palikuwa na lori kuukuu la jeshi lililonunuliwa zamani, likafa, likaachwa mpaka nyasi zikaota ndani ya magurudumu yake sita. Siku shamba lilipoamua kusafisha uwanja, wakamwambia baba alichukue kama analitaka. Analitaka! Alilivuta hadi nyumbani kwa trekta, amenyooka kwenye kiti, hamtazami mtu. Lilikuwa na pua butu, rangi ya kijani iliyochujuka, na namba nyeupe mlangoni ambazo baba hakukubali zifutwe. Kwenye paa, juu ya kiti cha abiria, palikuwa na tundu la duara ambalo zamani askari alisimama humo. Tundu hilo likawa langu. Nilisimama juu ya kiti, kichwa na mabega nje, nikawa naona mashamba ya ngano na mbaazi mpaka msitu unapoanzia.

Bibi, mama yake baba, ndiye pekee ambaye lori lile halikumvutia hata siku moja. Bibi aliishi katika nyumba yake ya udongo pembeni ya yetu, na humo ndani, kwa desturi ya wazee wetu Wairaqw, alilala pamoja na ndama zake. Ukiingia asubuhi ya ukungu ulipokewa kwanza na joto la wanyama, halafu harufu ya moshi na maziwa yaliyogandia kwenye kibuyu, ndipo umwone bibi mwenyewe akikoroga makande. Alikuwa akimwona baba amelala chini ya lori, miguu tu ndiyo inaonekana, anamwambia: "Hilo lori lako halitoi hata samadi." Alilisema hilo kila wiki, na baba alicheka kila wiki kama ndiyo kwanza analisikia.

Alipofanikiwa kulifufua, kila Jumapili, tukitoka ibadani, baba alilitembeza. Injini yake ilikuwa ya petroli na ilikuwa na kiu ya ajabu, kwa hiyo alikusanya mafuta kidogo kidogo kwenye madumu wiki nzima ili apate saa moja tu ya furaha. Tulipanda njia ya kwenda lango la Ngorongoro, wakati huo ya vumbi tupu, tukafika mahali, tukageuza. Kila baada ya miezi kadhaa aliliongezea kitu. Mara vioo, mara betri ya pili, mara ile winchi ya kufunga mbele, ambayo aliipata kwa mzee wa vyuma chakavu mjini. Watu walimcheka kwa winchi ile. Unataka kuvuta nini, walimuuliza, wakati wewe mwenyewe ndiye unayevutwa na trekta?

Jibu lilikuja wakati wa masika. Tulikuwa tunapanda, mimi nimo tunduni mwangu, nikaona watu kwenye korongo moja kabla ya lango. Wamasai wanne, na ng'ombe mwenye mimba kubwa aliyezama kwenye matope mpaka tumboni. Watatu walikuwa wakimvuta mkia na pembe. Wa nne, mwenye ng'ombe, alikuwa ameshika kichwa chake, kichwa cha ng'ombe nasema, akikiinua kisizame. Baba akasimamisha lori. Sijapata kumwona mtu aliyefurahia shida ya mwenzake kwa heshima namna ile. Alishuka, akapitisha magunia na kamba chini ya tumbo la mnyama, akaniamuru nipange mawe nyuma ya magurudumu, akaiwasha winchi. Ililia sana. Yule ng'ombe akatoka taratibu, matope yakimwachia kwa shingo upande, akalala ukingoni akihema. Mwenye ng'ombe akatema mate kidogo kwenye kiganja chake, kama wafanyavyo kwao wakibariki, akamshika baba mkono.

Msimu uliofuata mtu yule aliteremka hadi Ganako kwa miguu, akiongoza kwa kamba mtamba mwekundu mtupu, sikio moja limechanwa alama ya ukoo wake. Alikuwa mtoto wa yule aliyetoka matopeni.

"Wewe ulinipa mama yake kutoka kwa matope," alimwambia baba. "Mimi nimekupa mtoto. Kuanzia leo usiite jina yangu tena, na mimi siiti yako. Mimi ni Pakiteng', na wewe ni Pakiteng'."

Ndivyo wanavyofanya kwao. Watu wawili waliopeana ng'ombe huacha majina yao na kuitana kwa ng'ombe huyo, mpaka kufa. Na si jina tu. Bibi, aliyewajua Wamasai tangu usichana wake, alimweleza baba mbele yetu wote ili asije akasema hakuambiwa: mtamba huyu ni akiba ya nyumba zote mbili. Siku janga likimaliza zizi la mmoja, atakuja kwa mwenzake kuomba mmoja wa uzao wake, ili aanze upya. Baba akasema ameelewa. Naamini alielewa. Mtamba akaingia kwa bibi, akapewa nafasi karibu na moto, na ndani ya mwezi mmoja alikuwa akimfuata bibi mpaka kisimani.

Halafu injini ikafa. Ilikuwa kwenye mlima wa kutoka kwetu. Ilichemka, ikatoa kishindo, mafuta na maji yakamwagika barabarani pamoja. Bloku, mwili wenyewe wa injini, ilikuwa imepasuka. Lori likavutwa nyumbani na lile lile trekta la shamba, watoto wa shule wakilisindikiza kwa nyimbo.

Baba bila lori alikuwa mtu mwingine. Alikaa, akainuka, akaenda kulitazama, akarudi, akakaa upande mwingine wa kiti. Alikunywa chai akiwa amesimama. Mama alimwambia, "Baba watoto, keti basi, hata chai ishuke vizuri," naye akaketi, na kabla kikombe hakijafika nusu alikuwa tena uani. Ugonjwa huo wa kutotulia ninaujua. Aliniachia pamoja na spana.

Mzee wa vyuma chakavu alikuwa na injini ya dizeli, nzima kabisa, iliyotolewa kwenye lori lililopinduka mteremko wa Mto wa Mbu. Ndiyo injini ambayo baba alikuwa akiiota, yenye nguvu na isiyo na kiu. Lakini mzee hakutaka fedha. Mwanawe alikuwa anaoa, na palipungua ng'ombe jike mmoja kwenye mahari.

Asubuhi moja baba alimfungua mtamba. Bibi akamuuliza wanakwenda wapi. "Nampeleka kwa dume," akasema. Adhuhuri alirudi na mkokoteni wa punda, na juu ya mkokoteni injini, imefunikwa gunia. Bibi aliitazama, akamtazama baba, akasema, "Umemla akiwa hai," akaingia ndani kwake. Kwa wiki nyingi alikuwa akimwekea ugali wake na kumpa mgongo.

Nikuambie ukweli ambao sijawahi kuupenda: mimi nilifurahi. Injini ile haikuwa ndugu wa lori lile, na ilibidi kila kitu kilazimishwe. Mikono ya chasisi inayoshika injini ikakatwa na kuunganishwa upya, propela, kile chuma kirefu kinachozungusha magurudumu, ikafupishwa, rejeta ikabadilishwa. Palikuwa na boliti moja nyuma kabisa ambayo mkono wa baba haukuweza kuifikia. Mkono wangu uliingia. Nilikuwa nikilala kifudifudi juu ya injini, shavu limeegemea chuma baridi, naisikia sauti ya baba kutoka chini ikinihimiza mimi bintiye, "Robo tena, mama, robo tena." Siku ilipowaka, moshi mweusi ulitanda, kuku wakatawanyika, na baba akavua kofia. Sikumfikiria mtamba hata kidogo.

Nilimfikiria siku ya mnada uliofuata. Yule Mmasai, rafiki wa baba, alipita kwetu kama kawaida yake kila siku ya mnada, akaegesha fimbo ukutani. Nikainamisha kichwa anishike utosini, ndiyo salamu ya watoto kwao. Bibi akammiminia maziwa kisha akaondoka mwenyewe, kwa kuwa alijua kinachofuata na hakutaka kuwapo.

"Pakiteng', habari ya ng'ombe yetu?"

Baba alikuwa anafuta mikono kwa tambara lililokuwa chafu kuliko mikono yenyewe. "Mzima, Pakiteng'. Nimempeleka Mbulu, kwa shemeji yangu. Huku majani yamekuwa haba."

Rafiki akatikisa kichwa kwa kuridhika. Tatizo la uongo ule ni kwamba ulikaa vizuri mno. Kwetu mtu mwenye akili haweki mifugo yote zizi moja. Mmoja yuko kwa mjomba, mwingine kwa shemeji, ili ugonjwa au ukame usimkute mtu na kila alichonacho. Mmasai yeyote aliyekaa jirani na Wairaqw anayajua hayo. Kwa hiyo hakuuliza zaidi. Mnada baada ya mnada, ng'ombe yule asiyekuwepo aliendelea kuishi Mbulu. Alinenepa. Akapandwa. Akabeba mimba. Kila safari baba alitoa neno moja tu, kwa shida, na rafiki akaondoka na furaha.

Siku moja baba alikuwa amesema tayari kwamba ng'ombe yule amezaa, tena jike. Rafiki akanigeukia mimi.

"Wewe binti, umefika Mbulu? Umeona hiyo mtoto?"

"Nimemwona," nikasema. Baba alikuwa amenifundisha hivyo tu: ukiulizwa, yuko Mbulu.

"Iko rangi gani?"

Hakuna aliyenifundisha jibu la swali hilo. Ningeweza kusema mwekundu, basi. Lakini nilikuwa na miaka tisa na nilitaka kuifanya kazi yangu vizuri. "Mwili mwekundu kama mama yake," nikasema. "Lakini kichwa ni cheupe chote, hadi puani."

Yule mzee aliruka kutoka kwenye kigoda. "Hiyo ni ya bibi ya mama yake! Bibi ya mama yake ilikuwa kichwa nyeupe!" Alipiga mapaja, akacheka, akamwambia baba jambo hilo mara tatu kana kwamba baba hakuwa amekaa pale. Baba alinitazama kwa macho ambayo sikuyajua, shukrani na hofu pamoja. Jioni ile alinipa maandazi mawili. Niliyala yote, na nilijua ninalipwa kwa kazi gani.

Kisha mvua zikakosekana, za vuli na za masika. Huko juu kwa wafugaji mambo yalikuwa mabaya kuliko kwetu. Ng'ombe walioletwa mnadani walikuwa wanashushwa kwa kubebwa. Rafiki wa baba hakuonekana msimu mzima. Alipokuja, alikuja mchana, kwa miguu, hana mnyama hata mmoja. Shuka lilimning'inia mabegani. Alipokea chai, maziwa akayakataa kwa sababu aliona kibuyu cha bibi kilivyo chepesi.

"Imekwisha, Pakiteng'," alisema. "Yote. Nimekuja kwa ile ya kichwa nyeupe. Mama yake siombi, hiyo ni yako. Nipe hiyo mtoto tu, nianze."

Nilikuwa napukuchua mbaazi kwenye ungo. Mikono ikaacha. Alikuwa ametembea kutoka juu kule, amepita korongo na msitu, kuja kumchukua ng'ombe niliyemtengeneza mimi kwa maneno. Mama akaingia jikoni. Baba akainuka, akaenda kwenye lori, akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Rafiki akamfuata. Na mimi nikafuata.

"Hakuna ng'ombe Mbulu," baba akasema, akikitazama kile kijiti. "Hajawahi kwenda Mbulu. Nilimtoa nikapata hii." Akaweka mkono juu ya injini.

"Na hiyo ya kichwa nyeupe?"

"Hakuna."

"Huyu binti aliona."

"Nilimfundisha mimi aseme."

Hicho kichwa cheupe hakunifundisha. Huo ulikuwa uongo wa mwisho wa baba kwa rafiki yake, na aliusema kwa ajili yangu. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, mdomo ninao, na sikuufungua.

Mzee alisogea, akaweka kiganja juu ya injini, polepole, vile anavyoshikwa mnyama mgonjwa. Ilikuwa imewashwa asubuhi. "Iko na joto," alisema. Baba akaanza kuzungumza haraka haraka, achukue mbuzi wote wawili, na yeye mwenyewe atampeleka nyumbani kwa lori sasa hivi. Mzee akachukua fimbo yake.

"Nitatembea," akasema. "Asante kwa chai, Dereva."

Dereva. Tangu siku ya mtamba hakuwa amemwita baba kwa neno jingine ila lile moja. Baba alilisikia, na mimi nilimwona akilisikia.

Watu wa Ganako wanakumbuka miaka iliyofuata kwa namna yao. Wanasema lile lori liligeuka kuwa zuri kuliko magari yote ya wilaya. Breki za upepo, springi mpya, taa kubwa, kiti cha dereva chenye mto. Mimi nakumbuka maneno. Mvua ziliporudi na zizi letu likapata tena ng'ombe, baba alisema, "Nikimaliza breki, nampelekea rafiki yangu mtamba kule juu." Alipomaliza breki, akasema bado taa. Baada ya taa, rejeta. Alijenga kingo za mbao nyuma, na mlango unaoshuka ukawa ngazi ya kupandishia mifugo, kazi nzuri sana, mbao zimepigwa randa ili mnyama asiumie. Hakuna mnyama aliyewahi kuikanyaga. Kila kiangazi alichagua mtamba, na kila kiangazi lori likakutwa na kasoro. Jumapili alilitembeza mpaka karibu na korongo, akageuza.

Nilikwenda chuo cha ufundi kwa sababu ya lori lile, nikarudi najua zaidi yake, na ndipo nilipokagua zile breki mwenyewe. Hazikuwa na tatizo. Zilikuwa hazina tatizo kwa miaka. Sikumwambia. Katika ugonjwa wake wa mwisho, bibi na mama wakiwa wametangulia, aliniuliza, "Umeangalia breki?" Nikasema nimeangalia. Akasema niangalie tena.

Miaka mitatu sasa tangu tumzike, nami nimekuwa nikibadilisha nyaya, usukani, taa, tairi, na kuwajibu majirani kwamba bado naliweka sawa. Nadhani sasa unaelewa kwa nini nilisimama pale mnadani.

Niliondoka bila yule mtamba, lakini sikukaa. Asubuhi iliyofuata nilimtafuta mwanamke mmoja wa Kimasai anayeleta maziwa mjini, nikamuuliza habari za yule mzee rafiki wa baba. "Yuko," akasema. "Macho tu ndiyo imeenda." Nikakimbia kumtafuta aliyekuwa akiuza. Mtamba alikuwa hajapata mnunuzi. Nikamchukua, nikahangaika wiki nzima na vibali vya bwana mifugo, na kila siku nilipata kasoro mpya kwenye lori ambayo ingenitosha kuahirisha. Siku ya safari taa moja ya nyuma haikuwaka. Niliitazama, nikapanda, nikaondoka bila taa.

Kwato zake kwenye ngazi ya baba zilikuwa sauti niliyoingoja bila kujua. Barabara ni ya lami siku hizi mpaka langoni. Lile korongo lina kalavati, na ukipita kwa mwendo wa kawaida hujui kwamba umelipita. Magari ya watalii yalinipita, watu wakilipiga picha lori. Nilikuwa nafikiria nyumba ya bibi, ambayo imebaki tuta la udongo, na kwamba hakuna tena mtoto Ganako anayelala akisikia ndama akicheua pembeni yake. Ng'ombe wetu siku hizi wana banda la bati na namba masikioni. Juu ukungu ulinifunga mpaka nikawasha taa mchana, na nyuma yangu mtamba akalia mara moja, akanyamaza.

Mzee alikuwa amekaa nje ya nyumba, kofia ya sufu kichwani, uso ameuelekeza kwenye mlio wa injini. Niliinamisha kichwa, mimi mtu mzima na mvi zangu, akanishika utosini.

"Nani?"

"Binti wa Dereva wa Ganako, baba. Nimeleta ng'ombe."

Akaomba mkono, akainuka. Mimi na vijana wa pale tulikuwa tumeshamshusha mtamba. Alimpapasa mgongo, nundu, shingo, masikio ambayo hayajachanwa.

"Iko rangi gani?"

"Mwili mwekundu," nikasema. "Kichwa cheupe chote, hadi puani."

Mkono wake ukasimama kwenye paji la ng'ombe. "Ni ya uzao wa ile?"

Ningesema ndiyo, angefurahi, na hakuna aliyebaki duniani wa kunisuta. "Hapana, baba. Nimemnunua mnadani. Na yule wa zamani nilimtunga mimi. Baba hakunifundisha. Alisema vile kunificha."

Alianza kucheka, kicheko chembamba kilichoishia kwenye kikohozi. "Nilijua. Baba yako hakuwa na akili ya kichwa nyeupe. Yeye angesema nyekundu tu." Akaendelea kumpapasa mnyama pua. "Basi imefika. Ilichelewa njiani."

Aliomba apelekwe kwenye lori. Akaweka kiganja juu ya boneti, pale pale, akakiacha.

"Iko na joto bado. Na yeye?"

"Alifariki, baba. Mwaka wa tatu huu."

"Alikuwa anatengeneza nini miaka yote hiyo?"

"Breki."

"Zilikuwa mbovu?"

"Hazikuwa mbovu."

Akatikisa kichwa, kwa muda mrefu. Nilipopanda na kushika usukani alikuwa bado amesimama, amepitisha mkono shingoni mwa mtamba. "Nenda polepole," aliniambia, "binti ya Pakiteng'."

Nilishuka mlima wote ule nyuma kukiwa tupu, nikilitamka jina hilo kwa sauti, kwa niaba ya mtu aliyeingoja siku ile mpaka akafa.